Askari wa Mizinga Waliozama na Khedive Ismail

Tarehe 5 Februari 1944 meli tano za kubeba askari zilitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, zikaelekea Colombo. Kwenye daftari za jeshi la wanamaji la Uingereza msafara huo uliitwa KR 8. Safu ya katikati iliongozwa na Khedive Ismail, meli ya mvuke ya tani 7,513 iliyobeba watu 1,511. Theluthi mbili yao, yaani watu 996, walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Wiki moja baadaye, alasiri ya Jumamosi tarehe 12 Februari, meli hiyo ilipigwa kusini magharibi mwa visiwa vya Maldivi, ikazama kabla dakika tatu hazijatimia. Walikufa watu 1,297.

Ni vigumu kuitaja siku nyingine ambayo bahari iliwameza askari wengi wa Afrika Mashariki kwa mara moja kama siku ile. Hata hivyo ukimuuliza kijana wa Kisumu, wa Tabora au wa Gulu habari za Khedive Ismail, hatakuwa na la kukujibu. Vita vya Burma anavisikia kwa mbali, pengine kwa sababu babu mmoja wa ukoo alirudi na koti la jeshi. Waliokufa njiani kabla ya kuiona Burma hakuna anayewasimulia, na hilo ni pengo kubwa katika historia tunayofundishana.

Jina la meli lenyewe lina historia kwetu. Ilijengwa Greenock, Uskochi, mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya meli ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 ilihamia kwa kampuni ya Misri, ikapewa jina la Ismail, Khedive aliyeitawala nchi hiyo kuanzia 1863 hadi 1879 na ambaye Mfereji wa Suez ulifunguliwa wakati wake. Ni Khedive huyohuyo aliyetuma askari wake mwaka 1875 kuziteka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Barghash alilalamika, Waingereza wakamsukuma Khedive, na askari wa Misri wakarudi kwao. Miaka karibu 70 baadaye, vijana wa bara na pwani ya Afrika Mashariki walipanda ngazi za meli yenye jina la mtu aliyewahi kuitamani pwani yao, wakienda kupigana vita vya mfalme wa Uingereza.

Mombasa ya miaka ile ilikuwa mji wa vita. Wajapani walipoishambulia Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, mwezi Aprili 1942, Waingereza walirudisha nyuma manowari zao na kuifanya Kilindini kituo kikuu cha wanamaji wao katika Bahari ya Hindi. Shule ya Allidina Visram, iliyo kando ya bahari, ilichukuliwa na jeshi. Ndani ya madarasa yake wataalamu walikaa usiku na mchana wakisikiliza mawasiliano ya redio ya Wajapani na kuifumbua misimbo yao. Mwishoni mwa mwaka huo walifaulu kuufumbua msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Nyambizi za Wajapani, pamoja na hayo, ziliendelea kuwinda katika njia za meli kati ya Afrika, Ghuba na India.

Wapiga mizinga wa 301 walikuwa sehemu ya wimbi kubwa la Waafrika waliopelekwa mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwishavuka kwenda Ceylon mwaka 1943 kujiandaa kwa mapigano ya msituni huko Burma. Watu wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha jeshini, kile kilichoitwa Kikeya kutokana na jina la kikosi cha King's African Rifles. Maofisa walikuwa Wazungu. Mwafrika aliweza kupanda vyeo vya chini, akafunzwa kupima umbali wa shabaha na kuuhudumia mzinga, lakini cheo cha afisa hakikuwa chake. Mpangilio huo uliingia nao melini: nani analala wapi, nani anakula wapi, nani yuko karibu na sitaha ya juu na nani yuko chini.

Pamoja nao walikuwemo wanamaji wa Uingereza 271. Walikuwemo pia wanawake 83: wauguzi wa jeshi 53 na kiongozi wao, wanawake 19 wa jeshi la wanamaji, tisa wa kikosi cha usafiri, na mwingine mmoja. Alikuwemo pia mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, mtu ambaye Kenya ilimfahamu vizuri. Alikuwa amecheza tenisi Wimbledon, akaruka na ndege ndogo hadi India, akazunguka milima ya Aberdare akimtafuta simba mwenye madoa ambaye wenyeji walimtaja, na mwaka 1937 akawapeleka duma London kushindana mbio uwanjani. Vita vilipoanza aliandika habari za askari wa Keya huko Uhabeshi na Madagaska. Kama angefika Colombo, bila shaka angeandika na habari za hawa wa mizinga. Alikufa pamoja nao.

Safari ilikwenda kwa amani siku saba. Manowari kubwa Hawkins iliusindikiza msafara, na baadaye zikajiunga manowari mbili nyepesi zenye kasi, Petard na Paladin. Alasiri ya tarehe 12 jua lilikuwa kali na bahari shwari. Baada ya chakula cha mchana abiria wengi walikusanyika katika ukumbi mkubwa kusikiliza muziki. Askari wengine walikuwa wamejipumzisha chini.

Bahari iliyotulia ina hatari yake kwa meli za vita, ingawa kwa msafiri ni neema. Nyambizi I-27 ya Wajapani ilikuwa imeingia karibu na msafara bila kugunduliwa. Ilikuwa nyambizi kubwa, urefu wake zaidi ya mita 100, na kamanda wake, Toshiaki Fukumura, alikuwa mzoefu wa bahari hizi. Mwaka 1942 nyambizi hiyo, kabla Fukumura hajaanza kuiongoza, ilikuwa miongoni mwa zile zilizobeba vinyambizi vidogo vilivyoishambulia bandari ya Sydney, Australia. Ilipofika kama saa nane na nusu mchana I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpido mbili upande wa kulia. Moja ilitua sehemu ya nyuma, nyingine ikapasua chumba cha boila.

Tuangalie dakika hizo mbili na ushei, maana humo ndimo walimoponea waliopona.

Titanic ilichukua saa mbili na dakika 40 kuzama. Lusitania, iliyopigwa torpido mwaka 1915, ilichukua dakika 18, na bado watu 1,198 walikufa. Mtu aliyeko tumboni mwa meli kubwa anahitaji muda wa kuamka, kuelewa kilichotokea, kutafuta ngazi, kupanda sitaha mbili au tatu, kufika nje na kuchagua upande wa kurukia. Mazoezi yote ya kuacha meli hupangwa kwa hesabu kwamba muda huo upo. Kwenye Khedive Ismail haukuwepo. Maji yaliingia kwa wingi upande mmoja, na meli ikaanza kulala upande huohuo mara moja. Boila zilipopasuka, uti wa meli ulivunjika.

Meli ikilala hivyo, ndani yake kila kitu hubadilika. Ukuta huwa sakafu. Mlango uliokuwa mbele yako huwa shimo juu ya kichwa chako. Meza, masanduku, bunduki na vitanda vya chuma hutelemka vyote kwenye kona moja, na watu humo humo. Ngazi iliyosimama hulala, na anayeipanda hana pa kukanyaga. Ngazi kuu ya meli hiyo iliporomoka kwa mlipuko, na waliokuwa ukumbini kwenye muziki wakajikuta wamefungiwa njia waliyoingilia. Mashua za kuokolea hazikuteremshwa. Za upande wa kulia ziliingia majini pamoja na meli, za upande wa kushoto zikabaki juu hewani zikielekea ndani, wala hapakuwa na mtu aliyepata wasaa wa kuzigusa.

Waliotoka walikuwa wa namna tatu. Kwanza waliokuwa tayari nje kwenye sitaha, kwa zamu ya kazi au kwa sababu ya joto la chini, ambao walisombwa au waliruka. Pili waliokuwa karibu na tundu la mwanga au mlango wa upande ulioinuka, wakajipenyeza na kutembea juu ya ubavu wa meli kama mtu anayetembea juu ya bati la nyumba, kisha wakajitupa. Tatu waliozama na meli na kurushwa juu tena na hewa iliyokuwa ikifoka kutoka ndani. Hapa cheo hakikumsaidia mtu, wala nguvu peke yake hazikutosha. Mahali ulipokuwa umekaa au kusimama saa nane na nusu ndipo palipoamua mengi.

Kwa askari wa bara ilikuwa vigumu mara mbili. Mtoto wa Nungwi au Lamu huogelea kabla ya kujua kusoma. Kijana aliyekulia Machakos, Iringa au Acholi huenda bahari aliiona kwa mara ya kwanza siku alipofika Kilindini. Jaketi la kuelea humshikilia mtu juu, lakini halimfundishi kutoka kwenye korido yenye giza iliyogeuka kichwa chini, maji yakiwa shingoni.

Meli nne zilizobaki ziliongeza mwendo na kutawanyika. Ndiyo iliyokuwa sheria ya misafara: meli ya askari haisimami kuokoa, kwa sababu inayosimama hupigwa ya pili. Zilibeba maelfu ya watu wengine, na nahodha aliyesimama angewaweka wote shabahani. Uokoaji uliachiwa Petard na Paladin.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo liliwasumbua waliolishuhudia maisha yao yote, na ambalo hata leo halisimuliki kwa wepesi. Paladin ilianza kuteremsha mashua ili kuwaokota watu. Petard ilikuwa ikimtafuta adui kwa mitambo ya sauti, na mitambo ikaonyesha kwamba I-27 ilikuwa imejificha chini ya maji karibu kabisa na pale walipokuwa wanaelea manusura. Nyambizi hiyo ilikuwa na uwezo wa kupiga tena. Rupert Egan, kamanda wa Petard, alikuwa na mambo mawili ya kuchagua na yote yalikuwa na vifo ndani yake. Akaamuru mabomu ya kina yatupwe.

Bomu la kina halihitaji kumgusa mtu ili limuue. Maji hayabonyei kama hewa. Mlipuko ukitokea chini, nguvu yake husafiri hadi kwenye mwili wa anayeelea na kupasua palipo na hewa, yaani mapafu na matumbo. Mtu anaweza kutolewa majini akiwa hana jeraha la nje, akafa baadaye. Hebu mweke mbele yako mpiga mizinga aliyeponyoka kwenye sitaha ya chini, ameshika ubao, anaiona manowari ya upande wake inakuja kwa kasi. Anadhani inakuja kumchukua. Inapita, na nyuma yake bahari inainuka.

Kuna watakaomlaumu Egan, na kuna watakaosema alifanya alichopaswa. Anayeusoma mkasa huu kwa makini ataona kwamba hesabu ilikuwa wazi: meli nne zenye maelfu zilikuwa bado ziko ndani ya uwezo wa I-27, na walioelea walikuwa mamia. Lakini hesabu hiyo haifuti haki ya walioelea kutajwa. Waliponea chupuchupu mara ya kwanza kwa torpido za adui, kisha wakapigwa na mabomu ya wenzao. Taarifa inayosema tu kwamba nyambizi ilizamishwa na manusura wakaokolewa imewaonea.

Katika mzunguko wa tatu wa mabomu I-27 ililazimika kuibuka. Mapigano yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko kuzama kwa meli yenyewe. Mizinga ya manowari hizo, ya inchi nne, ilipiga mara nyingi bila kulitoboa ganda zito la nyambizi. Paladin ilielekeza omo yake kuigonga. Egan, akihofia kwamba chombo kikubwa namna ile kitaizamisha manowari nyepesi, alituma ishara ya kuizuia. Paladin ilikata kona, ila ubavu wake ukachanika kwenye bawa la nyambizi. Petard ikabaki peke yake. Ilifyatua torpido moja baada ya nyingine, zikapita pembeni. Ya saba ndiyo iliyoipata. I-27 ilipasuka na kuzama na karibu mabaharia wake wote, wapatao 100.

Petard tayari ilikuwa na jina. Mwaka 1942, katika Bahari ya Mediterania, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Wajerumani U-559 iliyokuwa ikizama wakatoa daftari za misimbo zilizosaidia sana kuifumbua Enigma, mashine ya misimbo ya Wajerumani, na wawili kati yao walizama nayo. Mwezi Desemba mwaka huohuo iliizamisha nyambizi ya Waitaliano. Kwa I-27 ikawa imezamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya upande wa adui, na wapenzi wa historia ya majini wanaikumbuka kwa sifa hiyo. Katika vitabu vingi vya namna hiyo Khedive Ismail hutajwa kwa sentensi mbili, kama sababu ya pigano.

Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake sita. Petard iliikokota Paladin hadi kituo cha Addu, kusini kabisa mwa Maldivi, ambako manusura walipelekwa. Vifo vya wanawake 77 vilikuwa vingi kuliko vya tukio lingine lolote lililowahi kuwapata wanawake wa majeshi ya Jumuiya ya Madola, na ndiyo sababu nchini Uingereza meli hii haikusahaulika kabisa. Mwaka 1997 Brian James Crabb, ambaye baba yake alikuwa mwanamaji aliyenusurika, alitoa kitabu kizima kuhusu mkasa huo. Amefanya kazi kubwa, na kila anayeandika juu ya meli hiyo leo ana deni kwake. Lakini kazi hiyo ilifanywa na mtoto wa manusura. Watoto na wajukuu wa wapiga mizinga wa 301 nao walisikia kitu, au walisikia ukimya: mtu aliondoka na treni kwenda Mombasa, barua zikakatika, kisha akaja chifu au karani wa wilaya na karatasi. Masimulizi hayo hayajakusanywa kitabuni kwa lugha ambayo askari hao waliitumia.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametutangulia kwa jambo hili. Tarehe 21 Februari 1917 meli Mendi, iliyobeba wafanyakazi Waafrika wa jeshi kwenda Ufaransa, iligongwa na meli Darro katika ukungu karibu na kisiwa cha Wight, ikazama. Zaidi ya watu 600 walikufa, na Darro haikusimama kuwaokoa. Kwa miaka mingi serikali ya Wazungu ilinyamaza, ila watu hawakunyamaza. Walisimulia kwamba Mchungaji Isaac Wauchope Dyobha aliwahutubia watu wake sitahani wafe kiume pamoja, wakacheza ngoma ya kifo miguu mitupu. Masimulizi hayo yaliibeba Mendi hadi siku nchi ilipokuwa huru. Sasa manowari moja inaitwa Mendi, nishani ya ushujaa ya taifa inaitwa Mendi, na tarehe 21 Februari ni Siku ya Majeshi ya nchi hiyo. Waliokufa na Khedive Ismail ni karibu mara mbili ya wale, na idadi kubwa yao walikuwa wa kwetu.

Wenzao waliotangulia walipigana. Divisheni ya 11 iliingia bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria, ikawasukuma Wajapani hadi mto Chindwin, na Desemba mwaka huo ikauvuka mto huo hapo Kalewa. Waliorejea waliipa Nairobi soko liitwalo Burma. Majina ya wa 301 yamo Nairobi pia, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, kwa kuwa bahari haikuwaacha na kaburi. Mwalimu wa historia aliye Nairobi anaweza kuwapeleka wanafunzi wake huko asubuhi moja wakaandika majina, namba za jeshi na tarehe, kisha wakaulizana nani anatoka ukoo upi. Aliyeko Mombasa anaweza kuwapeleka wanafunzi wake Likoni, wakautazama mlango wa Kilindini, awaeleze ni meli zipi tano zilitoka hapo Februari 1944: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, na kwamba nne tu zilifika Colombo.